Maji ya Domodomo

Niliposikia Bibi Leokadia amefariki, sikumfikiria yeye kwanza. Nililifikiria pipa. Lilikuwa pipa la plastiki la buluu lililokaa uani kwake, Mabatini, kati ya mlango wangu na tanuri lake la kubanikia samaki, na katika mwaka mmoja niliopanga pale nililitazama kuliko nilivyomtazama mtu yeyote. Ujumbe wa msiba ulinikuta Buhongwa, ninakoishi sasa, nikibadilisha maji ya matangi yangu. Mikono ilikuwa imelowa hadi viwiko. Nikausoma mara tatu. Mazishi yalikuwa Sengerema, kwao. Nikaanza, kama kawaida yangu, kuorodhesha kichwani watu watakaokuwepo, nani ataniuliza nini na mimi nitajibu nini, nikafika kwa Bulugu na orodha ikaishia hapo. Namba yake nilikuwa nayo miaka saba. Sijawahi kuipiga. Nilitafuta sababu ya kutokwenda, nikapata nne, zote nzuri, halafu nikavaa shati safi nikaenda.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na shahada ya mambo ya samaki, ambayo niliificha chini ya godoro kwa kuogopa wezi, kisha nikaihamishia juu ya kabati kwa kuogopa panya, kisha nikairudisha chini ya godoro kwa sababu bati lilivuja. Kazi sikuwa nayo. Chumba changu kilikuwa cha pili kutoka mlango wa uani, na kuta za nyumba ile hazikufika juu, ziliishia urefu wa mtu aliyenyoosha mkono, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yaliruka na kutua chumba kingine yakiwa mazima. Niliyasikia yote, na kwa sababu nilikuwa sina kazi, niliyafikiria yote. Mtu akisema "yule" bila kutaja jina, niliamini ni mimi. Upande wa kushoto alikaa Mama Jeni, muuza chapati, mwenye sauti ya kupenya ukuta hata ukuta ungefika mbinguni. Upande wa kulia alikaa Bulugu, fundi redio, Msukuma mrefu asiye na haraka, ambaye siku ya kwanza alinitazama nikiingiza begi la vitabu akasema, "Karibu, Msomi." Jina likabaki. Mwisho wa uani alikaa mwenye nyumba, Bibi Leokadia, na moshi wake.

Tangi nilipewa na Bwana Pravin, mzee wa duka la vioo mjini, ambaye babu yake ndiye aliyelifungua duka hilo. Nilikwenda kuulizia bei ya kioo, tukaanza kuzungumza samaki, na chai ikaletwa mara mbili. Aliwahi kufuga samaki wa dhahabu kutoka nje na wote walimfia. "Sasa nimechoka na wageni," alisema. "Ukumbi wangu wa mbele una ukuta mzima mtupu. Nataka samaki wa ziwa letu, lakini si sato. Sato mimi namla. Nataka yule ambaye mteja akimwona atasahau alichokuja kununua." Nikamwambia basi ni domodomo. Akacheka, akasema domodomo hakai ndani ya kioo, kila aliyejaribu alimkuta amekufa. "Wewe mweke miezi sita asife, kijana, ukuta ule ni wako. Utaujaza, utautunza, utakuwa mtu wangu." Kisha akanipa vioo vya kabati lililovunjwa, nikaviunganisha mwenyewe. Njiani nilijiuliza kwa nini mfanyabiashara ampe mtu asiyemjua vioo bure. Nilijiuliza hivyo wiki nzima.

Kwa asiyemjua domodomo, ni samaki wa rangi ya jivu la jana, mwenye pua ndefu iliyopinda kwenda chini kama mkonga wa tembo mchanga. Haoni vizuri. Hutafuta njia kwa umeme mdogo anaoutoa mwenyewe, mdogo kiasi kwamba ukimshika husikii kitu, lakini yeye kwa huo hujua jiwe liko wapi, mnyoo uko wapi, na nani amekuja. Wangu nilimpata mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwa mvuvi aliyemtoa kwenye wavu akiwa hana hata mkwaruzo. Nilimwekea mchanga laini na kipande cha bomba la kujifichia. Nilimwongezea furu sita, wale samaki wadogo wa kwenye mawe, wenye mistari ya buluu na mapezi mekundu, na kwenye beseni kubwa lenye kifuniko cha waya nikamweka kamongo mdogo, kwa sababu kamongo ukimchanganya na wenzake atawala. Kamongo huyo tulimwita Mpangaji, maana alilala siku nzima chini ya beseni, kisha akapanda juu, akavuta hewa kama binadamu, akarudi kulala.

Maji ya bomba sikutaka hata kuyasikia. Yana dawa, na dawa huunguza matamvua ya samaki. Nilimlipa mtu wa toroli aniletee madumu ya maji ya ziwa kutoka mbali na mitaro, nikayamimina kwenye lile pipa la buluu yatulie, na kila Jumatano na Jumamosi nikatoa theluthi ya maji ya tangi na ya beseni na kurudishia mapya ya pipani. Hakuna jambo nililojivunia kama pipa lile. Nilikuwa nimefikiria kila kitu.

Uani hawakulielewa. "Samaki asiyeliwa, mwenye pua, anakaa chumbani kwa kijana asiye na mke," nilimsikia Mama Jeni akisema kule upande wa pili, chapati ikichacharika kwenye mafuta. "Na yule kamongo? Kwetu mwanamke hata hamgusi. Huyu anamfugia nani? Ametumwa." Bulugu akapaza sauti kutoka chumbani kwake, ikapita juu ya kichwa changu: "Ametumwa na chuo kikuu, Mama Jeni! Wamemwambia asirudi mpaka samaki aongee." Na samaki akaongea. Kesho yake Bulugu alikuja na spika ya redio ya zamani, betri na nyaya mbili, akazitumbukiza nyaya ndani ya tangi, akageuza kitufe, na chumba kikajaa mlio ambao sijausahau: tk, tk, tk-tk-tk, kama punje za mtama zinazodondoka juu ya bati. Ulikuwa ule umeme wa domodomo. Akisogea, punje ziliongezeka. Akitulia zilipungua. Bulugu alikaa kwenye godoro langu, magoti yakiwa karibu na kidevu, akasikiliza mpaka chai yake ikapoa. "Anauliza," alisema. "Sikia. Anauliza, nani huyo, nani huyo." Tangu siku hiyo kila jioni alikuja kusikiliza, na Bibi Leokadia alituletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, tukala watatu mbele ya tangi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyo wa pua amekula?"

"Amekula, bibi."

"Na wewe?"

Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka ya kubanika samaki. Alikuwa akiyapangusa kwa ncha ya khanga huku akicheka. Nilimpenda, na kwa sababu nilimpenda nilijiuliza anataka nini kwangu. Mama Jeni naye alikuwa na maoni. "Macho yale si ya moshi peke yake," nilimsikia siku moja akimwambia mteja wake, kwa sauti aliyodhani ni ya chini. Bulugu, ambaye alikuwa akigongagonga redio, aliacha kugonga. Nilikumbuka baadaye ule ukimya wake. Wakati ule nilidhani anatafuta skrubu.

Mwezi wa nne wa domodomo kikaingia kipindupindu mitaa ya chini. Bwana afya alipita na kipaza sauti, balozi wa nyumba kumi akagawa chupa ndogo za dawa ya kutibu maji, na kila ndoo uani kwetu ikawa inanuka dawa. Hata chai ilinuka. Pua yangu, kati ya dawa ile na moshi wa tanuri, ikaacha kufanya kazi, na mimi sikugundua kwamba imeacha. Wiki hiyo hiyo furu wawili walikufa. Wiki iliyofuata, wawili tena. Niliandika kwenye daftari kila kifo, siku na saa, na nikaona mpangilio: walikufa Alhamisi na Jumapili, siku moja baada ya kubadilisha maji. Mtu mwingine mwenye shahada kama yangu angeyashuku maji. Mimi nilishuku mtu. Nilijiambia kuna anayejua siku zangu, anayetia kitu kwenye pipa langu.

Kuanzia hapo sikula vizuri. Nilianza na Mama Jeni, kwa sababu alinichukia waziwazi. Kisha nikamwondoa, kwa sababu anayechukia waziwazi hatii sumu. Nikamweka Bwana Pravin: labda hataki kunipa ukuta, labda ametuma mtu. Bulugu sikutaka kumweka, lakini nilikumbuka utani wake, "Msomi, siku njaa ikiuma nitamkaanga huyu na pua yake," na nikakumbuka kwamba tangu Bwana Pravin aahidi ukumbi, Bulugu aliniuliza mara mbili kama kutakuwa na kazi ya fundi wa spika. Nikamjibu nitaangalia. Nilitandaza uzi mweusi juu ya kifuniko cha pipa, nikaubana na kokoto ndogo. Asubuhi ya Jumanne uzi ulikuwa chini.

Nikakaa nyuma ya pazia langu siku nzima na kipande cha mkate. Bibi Leokadia alipita mara nyingi, kwenda tanurini na kurudi, lakini yeye sikuwa namwangalia. Alikuwa kama sehemu ya uani. Mchana, nilipokuwa nimesinzia kidogo na kuzinduka, nikamwona Bulugu. Alisimama mbele ya pipa. Aliinua kifuniko, akachovya kidole, akakipeleka puani, akatazama huku na huku, akafunika. Jioni alikuja kama kawaida, lakini hakukaa. Alisimama mlangoni, akasikiliza punje za mtama, ambazo sasa zilikuwa zinadondoka mojamoja.

"Msomi, hilo pipa liingize ndani."

"Kwa nini?"

"Liingize tu. Uchote mwenyewe, ufunge mlango."

"Kuna nini kwenye pipa, Bulugu?"

"Wewe unauliza sana," alisema, akaondoka. Nilitafsiri kila neno la sentensi zile usiku na mchana, na kila tafsiri ilimfunga. Pipa nikaliacha pale pale makusudi, nimkamate. Jumatano nikabadilisha maji. Alhamisi spika ikanyamaza. Niligeuza kitufe mpaka mwisho, nikapata mvumo mtupu. Domodomo alikuwa amelala ubavu kando ya bomba lake, pua imechomekwa mchangani, kama aliyekuwa akiuliza mpaka mwisho na hakujibiwa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika miezi sita.

Nilimbeba kwenye sahani mpaka katikati ya uani, wote wakiwepo. Nikasema Bulugu ametia sumu kwenye maji yangu, nimemwona kwa macho yangu akifunua pipa. Mama Jeni akaacha kusukuma chapati. Akageuza shingo taratibu, akamtazama Bulugu, kisha Bibi, kisha pipa, kama mtu anayenusa mahali penye kitu. "Sumu?" alisema. "Uani hapa kuna mtu anatia vitu kwenye maji ya watu?" Bibi Leokadia alisimama na kijiti chake cha kugeuzia samaki, mdomo wazi, machozi ya moshi yakimtiririka. "Bulugu, baba," alisema, "si kweli, eti?" Bulugu alimtazama yeye, si mimi. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Msomi ameniona," alisema. "Basi. Ni mimi."

Siku mbili baadaye alihama. Siku hiyo hiyo nilifunua beseni, Mpangaji hayupo. Kwangu huo ukawa ushahidi wa mwisho: mwizi pia. Kwa Bwana Pravin nilikwenda na mikono mitupu, akanipa pole na chai, ukuta akautundikia vioo.

Mwisho wa mwaka nilipata kazi ndogo kwenye mabwawa ya kufugia samaki, nikafungasha. Nilikuwa namwaga maji yaliyobaki kwenye pipa niliache tupu, Bibi Leokadia akaja akaweka mkono juu yake, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Hili nimelitunza sana," alisema. "Kila ulipolijaza, nikifungua tanuri, napita natia dawa ya balozi. Na nilikuwa naongeza, si kidogo kama walivyosema, maana maji yenyewe mengi. Nyie wasomi mnasoma mpaka mnasahau kutibu maji. Nikasema mtoto wa watu asije akafa kwangu." Nilisimama na ndoo. Alikuwa anatabasamu, anasubiri. Yeye siku ile uani alisikia habari ya sumu, na yeye hakutia sumu, alitia dawa. Isingemjia hata ndotoni kwamba ni yeye. Nikasema, "Asante sana, bibi." Ndilo jambo pekee la mwaka ule nililolifanya bila kulifikiria, na sijawahi kulijutia. Ila kwa Bulugu sikwenda. Kila nilipofungua namba yake nilijiuliza: kama hakuwa yeye, kwa nini alikubali? Na Mpangaji alimchukua kwa nini? Nililing'ang'ania swali hilo miaka saba, kwa sababu lilinipa nafuu.

Sengerema nilimkuta Bulugu amechuchumaa nyuma ya spika za kwaya, anaunga waya. Ameongezeka mwili. Aliniona, akamaliza kwanza kuunga waya. "Msomi," alisema, "umekuja kutuhoji?" Watu waliokuwa karibu walicheka bila kujua wanachekea nini. Baada ya kuzika, tulipokuwa tumeshika sahani za wali chini ya turubai, nilimwambia yote kwa mkupuo: dawa, pipa, Bibi, na kwamba mimi nimejua tangu mwisho wa mwaka ule. Aliendelea kula.

"Mimi nilimwona," alisema. "Kabla wewe hujajua. Nilimwona akimimina."

"Ukanyamaza?"

"Nilimwambia, bibi, hayo ni maji ya samaki. Akaniuliza, kwani samaki haugui kipindupindu?" Alicheka, kisha akaacha. "Nikaja nikanusa, nikajua yamekwisha. Sasa nikwambie wewe? Wewe hukai na neno. Ungemfuata bibi na daftari lako, uani, Mama Jeni anasikia. Bibi kizee, macho mekundu, ameonekana akitia kitu kwenye maji ya kijana, na viumbe vya kijana vimekufa. Wewe si wa kwetu, hujui maneno hayo yanakoishia. Bibi yangu mimi alihama kijiji usiku mmoja, kwa macho mekundu tu, wakimwita mchawi. Wewe uliposimama na sahani yako, nilimwona Mama Jeni anavyogeuza shingo. Nikaona heri wanitazame mimi. Mimi ni kijana, nina miguu."

Na hata pale, maana namwandika mtu huyu kama alivyo na mimi kama nilivyo, kuna sauti ndogo iliyoniambia: amekuwa na miaka saba ya kuitunga hadithi hii. Nadhani aliiona usoni mwangu. Aliweka sahani chini. "Twende," alisema.

Nyuma ya banda lake la ufundi, alilolifungua hapo hapo Sengerema, kulikuwa na friji bovu lililolazwa chali, mlango umeng'olewa, juu yake waya wa kuku. Ndani, maji ya rangi ya chai. Tulisimama. Kwanza hapakuwa na kitu, halafu kitu kinene kama mkono wangu kikapanda polepole kutoka chini, kikatoa mdomo, kikavuta hewa kwa mlio wa mtu anayeamka, kikazama.

"Mpangaji," nilisema.

"Ningemwacha afe kwenye maji yale? Yeye alikuwa anapumulia juu, ndiyo maana alibaki. Lakini kwa siku ngapi?" Alinisogezea ndoo iliyojaa. "Mwongezee. Jua limeyapunguza."

Nikainua ndoo. Ilikuwa nzito, na maji yalikuwa karibu na uso wangu, na kila kitu nilichojifunza tangu mwaka ule kiliniambia niiname kwanza. Kwenye matangi yangu Buhongwa simwagi hata kikombe bila kunusa. Bulugu alikunja mikono.

"Hunusi, Msomi?"

Nikamwaga yote, nikimtazama yeye.